Dereva Asiyeitwa Fundi: Jina, Ujira na Uhaba wa Waendeshaji wa Zana za Kilimo Tanzania Bara, 1946 hadi Sasa

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mwendeshaji wa trekta na kombaini katika Tanzania Bara tangu Mpango wa Karanga wa mwaka 1946 hadi miradi ya mashamba makubwa ya vijana iliyozinduliwa mwaka 2023. Hoja kuu ni kwamba uhaba wa waendeshaji wenye ujuzi, unaotajwa mara kwa mara kuwa kikwazo cha kilimo cha mashine, hautokani na upungufu wa watu wanaoweza kujifunza kazi hiyo. Unatokana na jinsi kazi yenyewe ilivyoainishwa. Katika msamiati wa ujira wa Kiswahili, mtu huyu hakuwekwa upande wa fundi wala hakuachwa moja kwa moja upande wa kibarua. Malipo yake yalifuata mkanganyiko huo.

Utangulizi

Kwa takriban miaka 80, mipango mikubwa ya kulima kwa mashine katika Tanzania Bara imekuwa na desturi ya kuanza kwa kuhesabu matrekta na kuishia kwa kuwalalamikia watu wanaoyaendesha. Lalamiko hilo lina sura mbili. Ya kwanza husema kwamba waendeshaji wenye ujuzi hawapatikani. Ya pili husema kwamba wakipatikana hawakai. Sura hizi mbili huzungumzwa pamoja kana kwamba ni tatizo moja, ilhali zinapingana: mtu asiyepatikana hawezi kuondoka. Sura ya pili ndiyo inayofaa kuchunguzwa zaidi, kwa sababu anayeondoka huwa anakwenda mahali, na mahali anapokwenda huwa pana malipo yanayoweza kulinganishwa na yale aliyoyaacha.

Historia ya zana za kilimo nchini imeandikwa zaidi kwa upande wa mitaji, ardhi na siasa. Mtu aliyeketi juu ya kiti cha trekta huonekana ndani yake kwa nadra, na anapoonekana huwa ni chanzo cha hasara: amevunja gia, amemwaga dizeli, amelima juujuu. Makala haya yanamweka yeye katikati. Ushahidi wake unatoka katika matukio yanayojulikana ya historia ya kilimo na ya kazi, pamoja na maneno ambayo Kiswahili kiliyatumia kuwataja wafanyakazi wa mshahara. Maneno hayo hayakuwa lebo tupu. Yalibeba ndani yake kipimo cha kazi, na kipimo cha kazi ndicho kilichoamua bei yake.

Msamiati wa ujira kabla ya trekta

Trekta lilipofika lilikuta msamiati wa kazi ya mshahara umekwisha kukomaa. Neno kibarua lilitokana na barua, yaani hati ndogo aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa. Katika Zanzibar na miji ya mwambao ya karne ya 19, vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa, na ujira wao ukagawanywa kati yao na mabwana zao. Jina la karatasi likahamia kwa mtu, naye akaitwa kwa kile alichokishika badala ya kile alichokijua.

Mfano wa pili ni kipande. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi ambazo mfanyakazi alitakiwa kuzikamilisha ndani ya siku 42. Ujira ulilipwa kadi ilipojaa. Mfano wa tatu ni manamba, jina la wafanyakazi wa mkataba walioletwa kutoka mikoa ya mbali na kutambuliwa kwa namba. Ofisi ya waajiri wa mkonge ya kuwaandikisha watu hao, SILABU, ilianzishwa mwaka 1944, na hadi leo manamba ni neno linalokumbusha magari yaliyojaa watu na kambi zilizojengwa mbali na nyumbani kwao. Maneno yote matatu, kibarua, kipande na manamba, yana sifa moja: yanamtaja mfanyakazi kwa njia ya kuhesabiwa kwake. Aliyehesabiwa hivyo angeweza kubadilishwa na mwingine bila kazi kupoteza kitu.

Upande wa pili wa msamiati alikuwapo fundi. Shina la neno hili ndilo linalotoa funda, fundisha na mwanafunzi. Fundi ni mtu aliyefundwa na anayeweza kumfunda mwingine, na kwa hiyo jina lake linabeba mlolongo wa ujuzi: alikuwa na mwalimu, na huenda ana wanafunzi. Fundi seremala, fundi mwashi na fundi cherehani walikubaliana bei na mwenye kazi kabla ya kuianza. Kibarua aliambiwa bei.

Swali la kihistoria ni hili: mwendesha trekta aliwekwa upande gani? Jina alilopewa, dereva, lilikopwa kutoka Kiingereza pamoja na gari lenyewe, na halikutoka upande wowote kati ya hizo mbili. Inafaa kukumbuka kwamba haikuwa lazima iwe hivyo. Ndege ilipokuja, Kiswahili kilimpa mwendeshaji wake jina la rubani, neno la baharini la mtu anayeijua njia ya chombo, na heshima ya neno hilo ikaenda naye angani. Mwendesha trekta hakupewa urithi wa namna hiyo. Dereva ni mwenye kushika usukani. Jina halisemi kama anajua kina cha plau, unyevu wa udongo, au sauti ya injini iliyoelemewa.

Kongwa: mashine nyingi, ujuzi mchache

Mwezi Machi 1946, Frank Samuel, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya United Africa, alipendekeza kwa serikali ya Uingereza kilimo kikubwa cha karanga kwa mashine ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliofuatia Vita vya Pili vya Dunia. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, mkurugenzi wa zamani wa kilimo wa Tanganyika, ulikuja kukagua. Waraka wa serikali wa mwaka 1947 ulikusudia ekari 3,210,000 zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, 80 kati yake yakiwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea.

Msingi wa mpango huo ulikuwa imani kwamba mashine ingechukua nafasi ya watu wengi. Imani hiyo ilificha jambo moja: mashine hupunguza idadi ya mikono lakini huongeza uzito wa kila mkono unaobaki. Kibarua mwenye jembe akikosea, huharibu tuta. Mwendesha katapila akikosea, huharibu mali ambayo ujira wa maisha yake yote hauwezi kuifidia. Kwa hiyo hesabu ya kilimo cha mashine ilihitaji watu wachache wanaolipwa kwa kiwango tofauti kabisa. Hesabu iliyofanywa ilikuwa ya watu wachache wanaolipwa kwa mkabala uleule wa zamani.

Sababu za kutofanya hesabu mpya zilikuwapo. Mishahara ya Tanganyika ilipangwa kwa rangi, ya Mzungu, ya Mwasia na ya Mwafrika, na ngazi ya Mwafrika ilikuwa imefungwa chini hata pale kazi ilipokuwa ileile. Aidha, wenye mashamba ya mkonge, ambao uchumi wao ulitegemea mkono wa bei ndogo, walihofia kwamba karanga zingewanyang'anya watu na kupandisha ujira nchi nzima. Mpango mpya ulikuwa na mahitaji mapya, lakini ulifanya kazi ndani ya soko la ujira lililojengwa na mkonge.

Waendeshaji wa kwanza walitoka sehemu mbili. Baadhi walikuwa askari waliorudi kutoka vitani, waliojifunza kuendesha malori katika jeshi. Wengine walikuwa vijana waliofundishwa papo hapo kwa muda mfupi. Wakufunzi wengi walikuwa wanajeshi wa zamani wa Kiingereza, na Kiswahili walichokitumia kilikuwa kile cha King's African Rifles, kilichojulikana kama Kikeya. Hiki kilikuwa Kiswahili cha amri: simama, vuta, sukuma, upesi. Kilitosha kumweleza mtu afanye nini. Hakikutosha kumweleza kwa nini, na katika kazi ya mashine sababu ndiyo nusu ya ujuzi. Mtu aliyefundishwa kwa amri hujua wenzo wa kuvuta, lakini hana namna ya kuamua mambo yanapokuwa tofauti na siku ya mafunzo.

Kongwa mambo yalikuwa tofauti kila siku. Udongo wake mwekundu ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, ukala makali ya plau na kuchosha injini. Mashine nyingi zilikuwa mitumba ya vita, zikiwamo mabuldoza yaliyonunuliwa kutoka akiba ya jeshi la Marekani nchini Ufilipino na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizofikia kupandwa zilikuwa takriban 7,500. Katika simulizi za wakati ule na za baadaye, dereva Mwafrika aliwekwa miongoni mwa sababu za mashine kuharibika. Simulizi hizo hazikuuliza aliajiriwa kwa masharti gani.

Wafanyakazi wenyewe waliuliza. Mwezi Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea barani kwa kufuata njia ya reli. Kongwa nayo ilikumbwa na migomo. Madai yalihusu mshahara na chakula, na mambo hayo mawili hayakuweza kutenganishwa, kwa kuwa kuwasili ghafla kwa maelfu ya watu katika nchi ya Wagogo, inayojulikana kwa ukame, kulipandisha bei ya kila kinacholiwa. Hapa neno posho linastahili kuangaliwa. Lilimaanisha unga na mahitaji ya chakula aliyopimiwa mfanyakazi, yaani sehemu ya ujira iliyotolewa kwa kikombe. Baadaye likapanuka na kumaanisha malipo ya ziada ya fedha. Katika kazi ya trekta maana zote mbili zilidumu kwa muda mrefu: mwendeshaji aliendelea kulishwa na mwenye shamba siku za kulima, na chakula hicho kikaendelea kuhesabiwa kuwa ni malipo.

Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36. Fundisho lililotolewa lilihusu mvua, udongo na haraka ya wanasiasa. Fundisho kuhusu ujira wa mwenye kushika mashine halikuandikwa.

Kutoka karanga hadi vijiji

Mwaka 1955 Shirika la Kilimo la Tanganyika lilirithi mashamba yaliyobaki. Kongwa iligeuzwa kuwa ranchi, na sehemu nyingine zikajaribu utaratibu wa wakulima wapangaji waliolimiwa kwa matrekta ya shirika. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 kiliundwa Arusha kitengo cha kupima zana za kilimo, ambacho urithi wake uliingia katika CAMARTEC, kituo kilichoundwa kwa sheria mwaka 1981. Jambo hili lina maana zaidi kuliko linavyoonekana. Nchi ilijenga chombo cha kuthibitisha kwamba trekta linafaa. Haikujenga chombo chenye uzito sawa cha kuthibitisha kwamba mwendesha trekta shambani anafaa, na kwa hiyo haikuwapo hati ambayo angeweza kuiweka mezani wakati wa kukubaliana mshahara.

Ushauri wa Benki ya Dunia uliochapishwa mwaka 1961 ulipendekeza mageuzi ya kilimo kwa njia ya makazi mapya yenye mitaji mikubwa. Mpango wa makazi ya vijiji ulianza mwaka 1963 na kusitishwa mwaka 1966 kwa sababu ya gharama. Matrekta yalikuwa sehemu kubwa ya gharama hizo, na yalitumika kwa siku chache za mwaka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikosoa utegemezi wa fedha na mashine kutoka nje, na ukosoaji huo ulikuwa na msingi. Hata hivyo, ulileta tokeo moja ambalo halikukusudiwa. Trekta lilipotazamwa kama anasa, ujuzi wa kuliendesha nao haukuhesabiwa miongoni mwa stadi za taifa za kuendelezwa.

Ukulima binafsi wa matrekta uliokuwa ukikua, hasa Ismani mkoani Iringa, uligongana na siasa ya vijiji. Mauaji ya Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, mikononi mwa mkulima Saidi Mwamwindi siku ya Krismasi ya mwaka 1971 yalionyesha ukali wa mgongano huo. Wakulima wa aina hiyo walipoondolewa, liliondoka pia soko dogo la ajira ambamo mwenye trekta alikuwa mkulima mwenyewe, akiona kwa macho yake tofauti kati ya shamba lililolimwa vizuri na lililochanwa juujuu. Mwajiri aliyefuata alikuwa kijiji, ushirika au shirika la umma, na mwajiri huyo alimwona dereva kupitia daftari la dizeli.

Mashamba ya umma: ajira bila thamani ya fedha

Kipindi kilichokaribia zaidi kumtambua mwendeshaji kilikuwa kile cha mashamba ya shirika la NAFCO, lililoanzishwa mwaka 1969. Mpunga wa Mbarali ulilimwa kwa msaada wa China, na ngano ya Basotu, wilayani Hanang, kwa msaada wa Kanada. Mashamba saba ya ngano yalichukua takriban ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig, na dhuluma ya ardhi iliyoambatana na mradi huo ilifika mahakamani katika kesi ya kijiji cha Mulbadaw. Historia ya mwendeshaji haiwezi kusimuliwa bila deni hilo. Kombaini ilipita mahali ambapo ng'ombe walikuwa wamezuiwa kupita.

Kwa upande wa kazi, mashamba hayo yaliwapa waendeshaji kitu ambacho hawakuwa nacho Kongwa: ajira ya mwezi kwa mwaka mzima, karakana jirani, na wenzao wa kujifunza kwao. Mwanzo wa kazi ulikuwa utingo, kisha mtu akapewa trekta dogo, hatimaye kombaini. Huu ulikuwa mlolongo wa kufundana, na kwa maana hiyo mwendeshaji wa shamba la umma alikuwa fundi kwa matendo, ingawa daftari la mishahara liliendelea kumwita dereva.

Kilichovunja utaratibu huo kilikuwa thamani ya fedha. Mishahara ya mashirika ya umma ilidhibitiwa kutoka juu, na katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya 1980 mfumuko wa bei uliila hadi mshahara wa mwezi ukashindwa kufika katikati ya mwezi. Hapo ndipo marupurupu yalipogeuka kuwa ujira wenyewe: lita chache za dizeli, ekari mbili za jirani zilizolimwa jioni, gunia lililobaki katika trela. Waajiri waliyaita hayo wizi, na kisheria ndivyo yalivyokuwa. Kiuchumi yalikuwa pia bei ya ujuzi ikijitafutia njia pale ilipozibiwa mlango. Mashamba yalipobinafsishwa, vikosi vya kazi vilitawanyika, na mlolongo wa kufundana ukakatika. Hasara hiyo haikuandikwa katika hesabu za ubinafsishaji, kwa kuwa haikuwa na safu ya kuandikiwa.

Soko huria: mtu mmoja, majina mawili

Migodi mikubwa ya dhahabu ilifunguliwa kwa mfululizo: Nzega mwaka 1998, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Ujenzi wa barabara kuu nao uliongezeka. Kazi hizo zilihitaji watu wa kuendesha greda, buldoza na mashine za kuchimbia, yaani watu ambao mikono yao ilikwisha kuzoea mitambo mizito. Huko hawakuitwa madereva. Waliitwa maopereta. Mtu yuleyule, mwenye macho na masikio yaleyale, alibadilishiwa jina alipovuka kutoka shambani kwenda mgodini, na mshahara ukabadilika pamoja na jina.

Sheria ya mishahara inaonyesha tofauti hiyo kwa tarakimu. Agizo la kima cha chini la mwaka 2013 liliweka shilingi 100,000 kwa mwezi kwa sekta ya kilimo. Lile la mwaka 2022, lililoanza kutumika Januari 2023, lilipandisha kiwango hicho hadi shilingi 140,000. Katika agizo hilohilo, kima cha chini cha wenye leseni za uchimbaji na utafutaji wa madini kilikuwa shilingi 500,000. Kubwa zaidi kuliko tofauti hiyo ni umbo la jedwali. Kilimo kimepewa mstari mmoja. Mpalilia magugu na mwendesha kombaini wamo ndani ya kiwango kimoja, na sheria haina neno la kuwatenganisha. Ni kweli kwamba mwajiri anaruhusiwa kulipa zaidi, na wengi hulipa. Lakini ziada hiyo ni hisani au matokeo ya kubembelezana. Haina sakafu.

Wakati huohuo serikali iliendelea kuagiza mashine. Kilimo Kwanza kilizinduliwa mwaka 2009, na mkopo wa India wa dola milioni 40 ukaleta matrekta yaliyouzwa kupitia SUMA JKT. Matrekta ya aina ya URSUS kutoka Poland yakafuata, yakiunganishwa Kibaha. Wanunuzi wengi walikuwa watu binafsi, nao wakajenga utaratibu wa malipo uliotawala hadi sasa: dereva hulipwa kwa ekari, pamoja na posho ya siku. Utaratibu huu una mantiki kwa mmiliki aliye mbali, kwa sababu ekari huhesabika. Kina hakihesabiki kwa urahisi. Dereva anayelipwa kwa ekari hupata zaidi akiinua plau na kuongeza mwendo, na kufanya hivyo si uvivu wala hila, bali ni jibu sahihi kwa swali aliloulizwa na malipo yake. Mkulima hubaki na shamba lililogeuzwa juu tu, maji ya mvua yasiyozama, na risiti ya ekari kamili.

Msimu ukiisha, dereva huyo hurudi katika soko. Atabeba mchanga kwa trela, atakuwa deiwaka katika magari ya abiria, au ataondoka moja kwa moja. Msimu unaofuata mwenye trekta huanza kutafuta upya, na humpata aliyekuwa utingo mwaka uliopita, ambaye hakumaliza kufundwa. Hivyo ndivyo uhaba unavyozalishwa kila mwaka katika nchi yenye vijana wengi wanaotaka kazi.

Funzo la Kenya: jina peke yake halitoshi

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba dawa ni kuongeza mistari katika jedwali la sheria. Mfano wa Kenya unaonya dhidi ya wepesi huo. Maagizo ya mishahara ya sekta ya kilimo nchini humo, kinyume na ya Tanzania, yamekuwa yakiorodhesha kazi za shambani moja moja: mfanyakazi asiye na ujuzi, mchungaji, karani wa shamba, msimamizi, fundi wa shamba, dereva wa trekta, dereva wa kombaini, dereva wa lori. Mwendeshaji ametajwa, na kutajwa kwake kumempa sakafu ya kudai.

Hata hivyo, mpangilio wa viwango unasema mengi. Dereva wa lori yuko juu ya dereva wa kombaini, ingawa thamani ya kombaini na ugumu wa kuirekebisha shambani vinazidi vya lori la kawaida. Karani wa shamba yuko juu ya wote watatu. Na kima cha dereva wa kombaini hakijafikia mara moja na nusu ya kile cha mfanyakazi asiye na ujuzi kabisa. Jina lipo, lakini limewekwa katika ngazi iliyorithiwa kutoka enzi ambayo kalamu ilihesabiwa kuwa ujuzi na spana ikahesabiwa kuwa nguvu.

Hoja ya msimu

Waajiri wana hoja yenye uzito ambayo haifai kupuuzwa. Trekta hulima kwa wiki chache, kombaini huvuna kwa wiki chache zaidi. Kumlipa mwendeshaji mshahara wa fundi kwa miezi 12 ni mzigo ambao mkulima wa kati hauwezi. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo iliyoyaua makazi ya miaka ya 1960. Lakini ikitazamwa kwa makini, haithibitishi kwamba ujira unapaswa kuwa mdogo. Inathibitisha kwamba gharama ya miezi ya ukimya lazima ibebwe na mtu. Kwa trekta, gharama hiyo hubebwa na mkopo wa benki, ruzuku ya serikali au mfuko wa mradi. Kwa dereva, hubebwa na dereva. Mashine hulindwa kwa turubai wakati wa kiangazi. Mwenye kuiendesha hutakiwa ajihifadhi mwenyewe na arudi mvua zinaponyesha akiwa na ujuzi wake wote.

Mashamba ya umma yalionyesha kwamba njia nyingine ipo: miezi isiyo ya shamba ilitumika kwa karakana. Mwendeshaji aliyefungua injini wakati wa kiangazi aliielewa zaidi wakati wa kulima. Utaratibu huo unaweza kurejeshwa bila kurejesha shirika la umma, kwa mfano kupitia vituo vya zana vinavyohudumia wakulima wengi na mikoa yenye misimu inayopishana.

Hitimisho

Historia hii inaacha mambo matatu kwa watunga sera. La kwanza ni uainishaji: mwendeshaji wa zana za kilimo atambuliwe kuwa fundi katika sheria ya mishahara, awe na madaraja ya ujuzi yanayopimwa kama yanavyopimwa ya mwashi na fundi umeme, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, itoe hati zinazoutambua hata ujuzi uliopatikana kazini. La pili ni kipimo: malipo yanayohesabu ekari pekee yataendelea kununua ekari pekee. La tatu linahusu eneo zima. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ya mwaka 2010 inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini mtu anayeitwa dereva upande mmoja, opereta upande wa pili na kibarua upande wa tatu hawezi kuvuka na daraja lake. Kusanifu majina ya kazi hizi kwa Kiswahili ni kazi ya wanaisimu na wanasheria kwa pamoja, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kuwakutanisha.

Mwaka 2023, mashamba makubwa ya vijana yalizinduliwa Chinangali, katika mkoa uleule wa Dodoma ambako Kongwa ipo. Nia ni njema na mashine ni bora kuliko vifaru vilivyogeuzwa. Idadi ya ekari na ya matrekta imekwisha kutajwa hadharani, kama ilivyotajwa mwaka 1947. Kinachobaki kuulizwa, mapema safari hii, ni nani atakayeyaendesha, ataitwa nani katika mkataba wake, na atakula nini mwezi Agosti.